Kimondo Si Uchawi

Bwana Mkulima, ukiwa Obunga jioni ukaona mpira wa moto ukipita angani juu ya Ziwa, usiogope. Hicho ni kimondo, yaani jiwe litokalo mbali angani, nalo huwaka kwa sababu ya mwendo wake mkali liingiapo hewani.

Tarehe 14 Agosti, 1992, mawe ya namna hiyo yalianguka Mbale, Uganda. Kipande kidogo kiligonga majani ya mgomba, kisha kikampiga kijana mmoja kichwani, hakuumia. Lakini watu wengine waliyasaga mawe yale wakayala, wakidhani ni dawa ya UKIMWI. Si dawa hata kidogo!

Ukiona jiwe geni jeusi shambani baada ya kimondo kupita, usilioshe wala usilivunje. Lifunge katika karatasi kavu, andika mahali na saa, kisha mpashe Chifu habari.