Mnara wa Chumbe na Watunza Taa Wake

Huku Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, bahari ni hadithi. Wako vijana wengi wa Kiislamu waliozaliwa huku, baba zao wakiwa wametoka Lamu, Mombasa au Pemba kuja kutafuta riziki, ambao hawajapata hata usiku mmoja kulala wakisikia wimbi. Mmoja wao alinijia baada ya sala ya Ijumaa akaniuliza: “Maalim, mnara wa msikiti na mnara wa taa ya meli, kwa nini yote miwili huitwa mnara?”

Ni swali la maana, na jawabu lake lina historia ndefu. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Kwao manara ni mahali pa nuru, na shina lake ni lile lile la neno nuru tulitumialo kila siku. Sisi watu wa pwani tulilipokea, tukalipa msikiti na tukaipa bahari, wala hatukuona haja ya kuyatenganisha. Mnara mmoja humwita mtu kwa sauti, wa pili humwita kwa mwangaza. Yote miwili yamwambia: njia ni huku.

MNARA WA ISKANDARIA

Ndugu msomaji, babu wa minara yote ya taa alisimama katika kisiwa cha Pharos, mbele ya bandari ya Iskandaria, katika Bahari ya Kati. Ulikamilika yapata miaka 280 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na urefu wake ulipita mita 100. Sehemu ya chini ilikuwa ya pembe nne, ya kati ya pembe nane, na ya juu ya duara. Umashuhuri wake ulifika hata Wafaransa na Wataliani wakaifanya Pharos kuwa ndilo jina la kila mnara wa taa.

Waislamu walipoitawala Misri, juu ya mnara ule pakawa na msikiti. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyekuwa njiani kwenda Hija mwaka 1183, alipanda mpaka juu akasali humo. Msikiti na taa vilikuwa chini ya ulinzi wa jengo moja.

Kisha akaja Ibn Battuta, yule yule ambaye twamkumbuka kwa kufika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Aliuona mnara wa Iskandaria mwaka 1326, ubavu mmoja umekwisha kubomoka. Mitetemeko ya ardhi ya mwaka 1303 na 1323 ilikuwa imeutikisa vibaya. Aliporudi mwaka 1349 hakuweza hata kuufikia mlango. Mfalme Malik al-Nasir alikuwa ameanza kujenga mwingine mfano wake, mauti yakamkuta kabla hajaumaliza. Mwaka 1477 Sultani Qaitbay akajenga ngome pale pale, na ngome hiyo ndiyo aionayo mgeni leo.

Ulisimama zaidi ya miaka elfu na mia tano. Lakini tangu safari ya kwanza ya Ibn Battuta mpaka ya pili ni miaka 23 tu, na katika miaka hiyo ukageuka gofu lisiloingilika.

SAFARI YA CHUMBE

Iskandaria ni mbali. Lakini mnara tunao wa kwetu, tena wenye msikiti wake, nao uko Chumbe, Unguja. Nilipata safari ya kwenda kuuona. Kutoka Kitengela nilishika barabara ya Namanga, nikapita Isinya, mji wa Kajiado na Bisil. Katika mbuga zile mchungaji naye ana minara yake: mlima Ol Doinyo Orok huonekana kutoka mbali, nao humwambia kuwa Namanga iko karibu. Nikavuka mpaka, nikashika njia ya Arusha hadi Dar es Salaam, na kutoka huko nikapanda boti.

Chumbe ni kisiwa kidogo cha jiwe la matumbawe, kusini ya Mji Mkongwe, urefu wake yapata kilomita moja. Mnara ulijengwa mwaka 1904, wakati Unguja ilipokuwa chini ya himaya ya Waingereza, ili kuyaonya majahazi na meli zinazokuja bandarini kutoka kusini. Nilipanda ngazi zake zaidi ya 130, pumzi ikinikumbusha umri wangu. Huko juu nikaona ni kwa nini waliuweka pale. Upande mmoja ni msitu, upande wa pili ni mwamba chini ya maji, na zaidi ya hapo ndiyo njia ya vyombo.

Mwaka 1926 taa ikatiwa mtambo wa gesi wa kampuni ya AGA ya Uswidi. Mkuu wa kampuni hiyo, Gustaf Dalén, ndiye aliyebuni kizibo cha gesi kinachotii jua. Ndani yake mna fimbo nyeusi: mchana hupata joto la mwangaza ikatanuka na kuifunga gesi, jua likitua hupoa, ikanywea, gesi ikapita na taa ikawaka. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mwaka ule ule mlipuko wa gesi ukampofua macho. Akaendelea na kazi mpaka alipofariki mwaka 1937, akiwaangazia mabaharia nuru ambayo yeye mwenyewe hakuiona tena.

Karibu na mnara upo msikiti mdogo uliojengwa kwa mtindo wa Kihindi, kwa ajili ya watunza taa. Nilisali humo adhuhuri. Nilipokuwa nimekaa baada ya sala nilimkumbuka Ibn Jubayr. Kwake msikiti ulikuwa kileleni, hapa uko chini, lakini maana ni moja: mtu amalize haki ya Mola wake, kisha apande akatimize haki ya wasafiri.

Nyumba ya mtunza taa ilikuwa imekuwa gofu. Sasa imetengenezwa na ndiyo mapokezi ya wageni, kwani tangu mwaka 1994 mwamba wa Chumbe ni hifadhi iliyotangazwa na Serikali ya Zanzibar. Waliokuwa wavuvi wamekuwa walinzi wa matumbawe, na wanafunzi huletwa kujifunza kuogelea na kuyatazama. Kisiwa kilichowekwa taa ili meli ziuepuke mwamba, leo kinaulinda mwamba wenyewe.

NANI ATAWATAJA?

Jambo moja halikunitoka moyoni. Mwaka wa kujengwa mnara twaujua, na kampuni ya gesi twaijua. Lakini wale waliopanda ngazi zile magharibi baada ya magharibi, kaskazi na kusi, wakakaa mbali na wake zao ili chombo cha mtu wasiyemjua kisivunjike, ni nani leo awezaye kuwataja kwa majina? Nahodha aliyeokoka hakupata kuwashukuru, kwa maana hakujua kuwa aliokolewa.

Mnara hauulizi, uendae waitwani,
Haujui usingizi, humulika baharini,
Walioifanya kazi, leo wamo kaburini,
Tuwataje waziwazi, wasitoke fikirani.

Basi wewe ambaye babu yako alitunza taa Chumbe, Nungwi, Kigomasha ya Pemba au Ras Serani ya Mombasa, muulize mzee aliyebaki nyumbani. Andika jina, andika mwaka, andika alikula nini na alilipwa nini. Usingoje mgeni aje akuandikie. Mnara wa Iskandaria ulikuwa wa mawe makubwa na haukudumu. Tusidhani kuwa kumbukumbu ya mzee mmoja wa miaka 90 itadumu kuliko mawe yale.