Lenzi na Sura za Wazee Wetu

Katika matanga ya huku Karungu, picha ya marehemu hutangulia watu wote. Huwekwa juu ya jeneza, huchapishwa kwenye fulana na kwenye kijitabu cha ratiba ya mazishi, kisha hutundikwa sebuleni ikakaa miaka. Siku hizi aghalabu ni picha iliyopigwa kwa simu, kwa urefu wa mkono, kisha ikakuzwa. Nimewasikia wazee wa Sori wakiitazama picha ya namna hiyo na kunong'onezana kwamba huyu siye. Wengi huilaumu simu, au fundi wa kuchapisha. Mimi nadai kwamba kosa ni la umbali, na kwamba anayechagua lenzi kwa hakika huchagua mahali pa kusimama.

Hebu tupige hesabu. Pua ya mtu hutangulia masikio yake kwa sentimita kama 12. Kamera ikiwa sentimita 50 kutoka puani, masikio yako sentimita 62. Kwa hiyo pua hukuzwa kuliko masikio kwa karibu robo nzima. Rudi nyuma hadi mita 2, na tofauti hiyo hushuka hadi asilimia 6. Lenzi yenyewe hujaigusa.

Kwa nini basi tujisumbue na lenzi? Kwa sababu lenzi ndiyo inayotuvuta karibu au kuturuhusu tukae mbali. Lenzi kuu ya simu huona eneo pana, mfano wa lenzi ya milimita 24 hadi 28 katika kamera ya filamu ya milimita 35. Ukisimama mita 2, inamchukua mzee mzima, na kuku wa jirani. Nawe hujongea mpaka uso ujae. Lenzi ya milimita 85, kwa umbali uleule, huchukua kichwa na kifua tu. Ndiyo maana wapiga picha wameziheshimu lenzi za 85 hadi 105 kwa kazi hii. Ile ya 200 hukupeleka karibu mita 5: uso huanza kuwa bapa, na upepo wa ziwa ukivuma mazungumzo hukatika.

Nami kwa kuwa ni mtu wa lugha, sina budi kukumbusha kwamba neno sura tulilipata kwa Waarabu, na kwao ndilo neno la picha. Uso ni upande wa mbele tu. Simu iliyosogezwa mno hupiga uso ikaiacha sura.

Shule isidhani kwamba jambo hili ni la matajiri. Lenzi ya milimita 50 ni ya bei nafuu kuliko nyingi, na katika kamera za dijitali zenye kihisi kidogo kuliko fremu ya filamu hufanya kazi kama ya 75 au 80. Mwenye simu pekee arudi nyuma hatua mbili, kisha aikate picha kandokando. Ikiwa simu ina lenzi ya pili ya kuvuta mbali, aitumie hiyo.

Walimu wa vyama vya picha wawape wanafunzi kamba ya mita 2 na kazi ya likizo: kila mmoja ampige nyanya au babu yake, ameketi kivulini karibu na mlango, mbali na jua kali la ufuoni panapoanikwa omena. Wampige sasa, angali akiwatania.