Nilimwazima mchumba jina langu, nusura harusi ife

Wiki sita kabla ya harusi yetu, mwaka 2009, mchumba wangu alikuja kwangu Sinza saa nne usiku na roli la karatasi kwapani. Baba Watoto (nitamwita hivyo humu, maana ndivyo alivyo sasa) si mtu wa kukaa kimya, lakini siku hiyo hakuuliza hata kama kuna chakula. Alilikunjua lile roli juu ya zulia, akagandamiza pembe mbili kwa viatu vyake na ya tatu kwa kopo la maziwa, akasema, "Hebu soma hapo pembeni."

Ilikuwa ramani ya nyumba. Vyumba vinne, sebule, kibaraza, michoro safi kama kawaida yake. Ila kwenye kingo zote nne za karatasi, juu, chini, kulia na kushoto, kulikuwa na mstari wa Kiingereza kwa herufi kubwa, unaosema kwamba mchoro huu umetengenezwa kwa bidhaa ya elimu ya Autodesk.

"Ndo nini hii?" nikamuuliza.

"Ni wewe," akasema.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Wakati ule nilikuwa nafundisha Kiingereza kwenye chuo kimoja hapa Dar, na yeye alikuwa mchoraji kwenye ofisi ya ramani mjini. Mshahara wake ulikuwa ule wa kuishia tarehe 15, kwa hiyo usiku alichora kazi zake binafsi nyumbani. Ofisini walikuwa na AutoCAD ya kulipia, lakini kuigusa kwa kazi ya pembeni ilikuwa mwiko. Nyumbani alitegemea sidii aliyonunua Kariakoo kwa bei ya soda mbili, na siku moja ile sidii ikamletea virusi vilivyofuta kazi ya miezi miwili.

Ndipo akanijia na maneno matamu. "Mpenzi, unajua nyie walimu mnapewa hizi programu bure? Unajisajili tu kwa barua pepe ya chuo."

Wasomaji wenzangu mlio walimu mtanielewa. Kila sikukuu ya familia nilikuwa nasikia kwamba ualimu hauna maslahi, na leo mwanaume ninayempenda ananiambia ualimu wangu una kitu ambacho hata bosi wake hana! Nikajisajili siku hiyo hiyo. Nikaweka tiki kwenye kile kisanduku cha "nimekubali masharti" bila kusoma hata mstari mmoja. Kuipakua kulichukua usiku tatu kwenye kafe ya intaneti Mwenge, maana mkonge wa SEACOM ulikuwa bado haujafika Dar, ulianza kazi Julai mwaka huo.

Na si hiyo tu. Miezi michache nyuma, binamu yangu alikuwa ametuletea Microsoft Office kutoka nje, ile ya 2007 ya nyumbani na wanafunzi. Marekani toleo hilo liliuzwa dola 149.95, wakati toleo la kawaida lilikuwa dola 399.95, tena la wanafunzi uliruhusiwa kuliweka kwenye kompyuta tatu za nyumba moja. Hakuna aliyekudai kitambulisho. Nikajiona mjanja wa mjini. Nilichokuwa sijakitilia maanani ni kwamba juu kabisa ya kila dirisha, pembeni ya jina la programu, Microsoft walikuwa wameandika kwamba si kwa matumizi ya biashara. Kila ankara ambayo Baba Watoto alimwandikia mteja, aliiandika chini ya maneno hayo. Hata kucheka hatukucheka, tulikuwa tumeshazoea kutoyaona.

Sasa mteja wa ile ramani alikuwa mama mmoja anayeuza vitenge, ambaye alikuwa anajenga Mbezi. Baba Watoto alimaliza kazi, akaiweka kwenye flashi, akaiacha duka la kuchapa ramani huko Posta, mama akapita mwenyewe kuchukua. Kwenye kompyuta ule mstari hauonekani. Unatokea ukichapa. Mtoto wa yule mama, kijana wa kidato cha tatu, ndiye aliyewasomea nyumbani. Jioni mama akapiga simu.

"Injinia, kwa hiyo nyumba yangu imechorwa na mwanafunzi?"

Akamwambia laki nane zilizobaki ataziona akileta ramani ya mtu mzima. Na laki nane hizo, mpenzi msomaji, ndizo zilikuwa za kumalizia ukumbi.

Ningeweza kuvumilia ukumbi. Kilichonichoma ni kitu kingine. Nilipomuuliza kama alijua, akaangalia zulia. Alijua. Alikuwa ameyasoma masharti: programu ile ni ya kujifunzia na kufundishia, si ya kazi ya kulipwa. Hata lile onyo linalotokea ukifungua faili alikuwa analiona, anabonyeza, linapotea. "Nilidhani haitatoka kwenye karatasi," akasema. Jina lililosajiliwa lilikuwa langu, barua pepe ilikuwa ya chuo, na mwajiri wangu hakuwa na habari. Kama ingetokea mtu akauliza, angeulizwa mwalimu wa Kiingereza aliyechora nyumba za Mbezi ilhali hajui hata kuchora mstari ulionyooka.

Usiku ule nilivua pete nikaiweka juu ya friji. Ikakaa pale siku tisa.

Siku ya pili mambo yakawa mabaya zaidi. Wachoraji wana tabia ya kuhamisha vipande: mlango mzuri, choo, ngazi, anavichora mara moja na kuvitumia kila mahali. Baba Watoto alikuwa amepeleka ngazi yake ya nyumbani kwenye mchoro mkubwa wa ofisi. Miaka ile alama ya toleo la elimu ilikuwa inaambukiza kama mafua. Ukiingiza kipande chenye alama kwenye mchoro safi, mchoro wote unaambukizwa, na mwenzako atakayechukua kutoka kwako naye anaambukizwa. Kwa hiyo ofisi iliyolipia leseni yake halali ikajikuta inachapa ramani za wateja zenye maneno ya shule pande zote nne.

Jamaa mmoja akamwambia ipo njia ya mkato ya kuondoa alama. Sitaiandika hapa. Nilimwambia mwenzangu ukiifuata hiyo, pete itahama kutoka kwenye friji iende kwa sonara. Akaenda kwa bosi wake, akasema ukweli kabla bosi hajautafuta.

Hakufukuzwa. Ile kazi ya Mbezi ikaingizwa kwenye vitabu vya ofisi, akaruhusiwa kuirudia upya baada ya saa za kazi kwenye kompyuta yenye leseni, na yeye akabakiwa na robo tu ya malipo. Michoro ya ofisi iliyoambukizwa aliisafisha mwenyewe, mmoja mmoja, bila senti. Kwa yule mama tulienda wote wawili, Jumamosi. Baba Watoto akaanza kueleza habari za leseni, mama akamkatisha. "Mwanangu, mimi kompyuta siijui. Nauliza tu, itasimama?" Akaambiwa itasimama. Akatupa wiki mbili na chupa ya chai.

Kadi za harusi zikapungua kutoka 250 hadi 120, na sherehe tukaifanyia kwenye bwalo la chuo nilichokuwa nafundisha. Mjomba wangu mpaka leo anadai pilau ilikuwa nzuri kuliko ya ukumbini. Sijui amefikaje kwenye hitimisho hilo, maana ukumbini hakuingia.

Naandika haya kwa sababu kila mwezi nakutana na wachumba wanaofanya tulichofanya sisi. Mmoja bado anasoma au anafundisha, mwingine ana kajibiashara, na nyumbani kila kitu ni "chetu". Sufuria ni yetu sawa, lakini leseni ya elimu ni ya mtu mmoja mwenye sifa. Haihami kwa mapenzi, haihami hata kwa ndoa.

Msije mkaelewa kwamba nawakataza. Punguzo hizi ni halali na ni nzuri mno, na makampuni hayazitoi kwa huruma. Wanataka mkono wako uzoee chombo chao ukiwa chuoni, ili siku ukiajiriwa umwambie bosi hujui kutumia kingine. Zichukueni. Autodesk hadi leo wanatoa programu zao bure kwa wanafunzi na walimu wanaothibitishwa, kwa mwaka mmoja mmoja, unaomba tena maadamu bado una sifa. Microsoft wana Office ya mtandaoni bure kwa wenye barua pepe ya shule inayokubalika. Canva wana mpango wa bure wa walimu wa shule za msingi na sekondari, na wanaoandika programu wana kifurushi cha wanafunzi cha GitHub. Kama chuo chako kimekupa anwani inayoishia na ac.tz na unaitumia kupokea matangazo tu, unakalia mali.

Ila someni, kwa sababu masharti hayafanani. Hili ndilo lililonishangaza nilipoanza kusoma. Adobe waliruhusu toleo lao la wanafunzi na walimu litumike hata kwa kazi za kulipwa, mradi aliyenunua ana sifa kweli. Yaani mwalimu anayepiga picha za harusi wikiendi alikuwa salama huku, na kule kwa programu ya ramani angekuwa matatani, kwa kazi ile ile ya wikiendi! Tangu 2013 Adobe wamehamia kwenye malipo ya mwezi na mwaka, na hapo angalia jambo jingine: ile bei tamu ya mwanafunzi mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza, halafu inapanda yenyewe wakati kadi yako ya benki imeshasahau.

Na wale mnaokaribia kuhitimu, hamisheni kazi zenu mapema. Chuo kikifunga ile barua pepe, picha, tasnifu na barua zote zilizohifadhiwa huko zinaweza kwenda nayo. Rafiki yangu alipoteza hivyo orodha ya michango ya sendoff yake, na mpaka leo hajui nani alitoa na nani alizuga.

Kwa anayeanza biashara na mfuko bado mwepesi, kuna programu huru ambazo hazikuulizi wewe ni nani: LibreOffice kwa barua na hesabu, Inkscape na GIMP kwa michoro na picha, FreeCAD kwa usanifu. Unaruhusiwa kuzitumia na kulipwa. Si kila mteja atafurahia faili zake, na Baba Watoto anazilalamikia mpaka leo, lakini hakuna mtoto wa kidato cha tatu atakayekuja kukuumbua.

Yeye mwenyewe alianza na toleo dogo la kibiashara, AutoCAD LT, ambalo ni rahisi kuliko kaka yake, alipofungua ofisi yake mwaka 2012. Tulilinunua kabla ya kununua makochi. Siku hizi leseni iko kwenye daftari la matumizi ya nyumba, chini ya ada na juu ya LUKU, na ikifika siku ya kulipia tena ananiletea kompyuta mpakato kitandani nimsomee masharti mapya. Mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza. Nikifika ukurasa wa pili huwa anakoroma.