Safari Rally ilituacha, turbo ikaja yenyewe

NOVEMBA 1983 Mwalimu Nyerere, Moi na Obote walikutana hapa Arusha, na mpaka wa Namanga uliokuwa umefungwa tangu 1977 ukafunguliwa. Miezi mitano baadaye, Pasaka ya 1984, ng'ambo ya mpaka huo Msweden Björn Waldegård akashinda Safari Rally na Toyota Celica yenye turbo. Hakuna gari la turbo lililokuwa limewahi kushinda mbio hizo. Yaani geti limefunguliwa, kucheki ndani, mchezo umeshabadilika.

Wazee wa Chuga wanaikumbuka Safari ya zamani. Ilianza 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na njia ya Mbulu kwa tope lake ilikuwa inawatoa jasho madereva wakubwa. Bingwa tulikuwa naye pia. Bert Shankland wa Dar es Salaam alibeba ndoo 1966 na 1967, mara mbili mfululizo, na Peugeot 404. Turbo hakuna, ni mguu na roho tu. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mbio zikabaki Kenya peke yake. Kisha mpaka ukafungwa, na shabiki wa huku akabaki na redio.

Kwa hiyo turbo ilipoanza kutawala, sisi hatukuwepo uwanjani. Na ilitawala kweli. Kuanzia ushindi ule wa 1984 hadi 2002, Safari 19 mfululizo, kila gari lililoshinda lilikuwa na turbo. Nani kwenye soka ana rekodi hiyo? Hata Simba na Yanga wanapokezana.

Kwa ambaye hajawahi kufungua boneti, mambo yako hivi. Injini inakula vitu viwili, mafuta na hewa. Mafuta kuongeza ni rahisi, kazi ni hewa. Turbo ni kama pangaboi mbili ndogo kwenye chuma kimoja. Ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ya pili inavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani. Moshi uliokuwa unapotea bure kwenye ekzosi unapewa kibarua. Vipangaboi hivyo vinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na wazo lenyewe si la jana. Mswisi Alfred Büchi alilisajili mwaka 1905.

Tabu yake ni moja: inachelewa. Unakanyaga, kimya. Unakanyaga tena, kimya. Halafu inakuja yote kwa mkupuo, kama straika aliyezurura dakika 80 kisha akafunga mbili.

Kwenye viwanja vya lami Porsche walishafika mapema. Mwaka 1973 gari lao la 917/30 liliwafunga wote kwenye mbio za Can-Am kule Marekani, na mwaka uliofuata wakaonyesha 911 Turbo ya kuuzwa dukani. Renault wakaipeleka turbo Formula One mwaka 1977 pale Silverstone. Ilikuwa inafuka moshi na kukata pumzi kila mara, Waingereza wakaibatiza Birika la Njano. Kicheko kiliisha 1979 birika liliposhinda nyumbani Ufaransa. Mwaka 1983 Nelson Piquet akawa bingwa wa dunia kwa injini ya BMW yenye turbo.

Lakini 911 Turbo si gari la kulikuta limepaki Kijenge. Yaliyotufikia sisi yametokana na rali, na yametokana na vifo.

Miaka ile ya mwanzo rali ilikuwa na magari ya Kundi B. Kiwanda kilitakiwa kutengeneza magari 200 tu ndipo kiruhusiwe kushindana, kwa hiyo walitengeneza madubwana. Machi 1986 nchini Ureno gari moja likawavaa watazamaji waliojazana barabarani, watatu wakafa. Mei mwaka huohuo Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto wakaungua ndani ya Lancia yao kisiwani Corsica. Kundi B likafutwa.

Kuanzia 1987 sheria ikawa Kundi A: ukitaka kushindana, tengeneza magari 5,000 ya aina hiyo kwa mwaka. Hapa ndipo habari yetu ilipo. Magari 5,000 huwezi kuwapa madereva wa rali, hawapo wengi hivyo. Lazima yauzwe kwa mwalimu, kwa daktari, kwa kijana mwenye mshahara wa kwanza. Ndiyo maana ikazaliwa Celica GT-Four, ikazaliwa Lancia Delta Integrale, ikazaliwa Subaru Legacy ya turbo. Idadi ilipopunguzwa hadi 2,500, zikaja Impreza WRX na Lancer Evolution, zote mwishoni mwa 1992.

Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia. Mjapani alipolichoka gari lake, lilipanda meli mpaka bandari ya Dar es Salaam. Safari ilituacha, lakini magari yake yakatufuata.

Kama kuna siku ya kuikumbuka, mimi nachagua Pasaka ya 1990. Waldegård alishinda tena akiwa na miaka 46, sawa. Ila macho yangu yako kwa Mkenya Patrick Njiru, aliyemaliza wa nane na Subaru Legacy ya Kundi N, yaani gari karibu sawa na la dukani. Hakuna gari la kundi hilo lililokuwa limewahi kuimaliza Safari. Mapenzi ya watu wa ukanda huu kwa Subaru yana mizizi pale, si kwenye tangazo la runinga.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Arusha wanalijua kwa miguu kabla ya kulijua kwa injini. Timu ikitoka Dar kucheza Sheikh Amri Abeid, kipindi cha pili inahema. Tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni pungufu kama asilimia 15. Gari nalo linahema. Angalia Land Cruiser za watalii zenye injini ya 1HZ, isiyo na turbo, zikipanda ukingo wa Ngorongoro kwenye mita 2,300. Zinafika, ila kwa kulalamika. Turbo inafidia hewa hiyo.

Kule Marekani kuna mbio za kupanda mlima Pikes Peak, kilele mita 4,302. Mwaka 1985 Mfaransa Michèle Mouton, mwanamke, aliwafunga wanaume wote na kuvunja rekodi ya njia kwa Audi Quattro ya turbo. Mlima wetu Meru una zaidi ya mita 4,560. Barabara ya kufika kileleni haipo na isijengwe, ni hifadhi ile. Lakini miinuko ya chini yake tunayo ya kutosha.

Sasa njoo mtaani. Vijana wa Njiro na Sakina wana Forester na Impreza za turbo, na wengi wanaziua wenyewe. Turbo inaishi kwa oili. Ukitoka kuikimbiza ukazima injini palepale, oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa masizi, vyuma vinakula vyuma. Iache iungurume dakika moja au mbili kwanza. Ile milipuko ya "pa-pa-pa" kwenye ekzosi, kwenye rali ina kazi: inaizungusha turbo wakati dereva ameachia mafuta. Joto lake linaitafuna turbo, ila timu ina spea ya kubadilisha jioni. Wewe spea unaisubiri kutoka Dar.

Kuua turbo ni hasara ya mwenye gari. Kinachonikera ni kupimana usiku kwenye njia nne ya Sakina hadi Tengeru, au kwenye mchepuko wa Ngaramtoni hadi Usa River. Kibao kinasema 50. Pale hakuna msimamizi mwenye bendera wala gari la wagonjwa linalosubiri. Kuna mama anavuka na ndoo ya parachichi, kuna bodaboda bila taa. Ureno waliokufa angalau walijua wamekuja kuangalia mbio.

Polisi kukamata tu haitoshi. Soka letu linajengewa uwanja mpya hapa kwa ajili ya AFCON 2027, na ni haki yake. Mashabiki wa magari wala hawahitaji zege. Wanahitaji barabara moja ya vumbi ifungwe Jumapili nne kwa mwaka, vilabu vya rali na Chama cha Magari (AAT) wasimamie, dereva avae kofia ngumu, watu wasimame nyuma ya kamba. Upande wa Monduli barabara hizo zipo, na Jumapili asubuhi hazina kazi nyingi zaidi ya kupitisha ng'ombe.