Zawadi za Kisumu, na Shilingi 350 Zilizopotelea Awasi

Matatu ilikuwa imeshaanza kusogea pale steji ya Awasi wakati mama wa miwa alipogonga dirisha letu mara ya mwisho. "Haijaingia! Haijaingia!" Sisi tulikuwa tumeinua simu tukimwonyesha ujumbe: pesa imetumwa, shilingi 350. Akakimbia hatua chache kando ya gari, kisha akabaki nyuma. Tukajiambia ni mtandao tu, itaingia.

Haikuingia. Na mtandao haukuwa na kosa lolote.

Tuko kwenye timu inayowaandikia makala haya, watu ambao kila wiki tunakukumbusha usome jina kabla ya kuweka PIN. Kwa hivyo usicheke sana. Tulikuwa wawili, tumemaliza wikendi Kisumu tukitafuta zawadi za kupeleka nyumbani Nairobi, na tulikuwa tumelipa kila mahali bila tatizo. Labda hilo ndilo lililotuponza. Wacha tuanzie mwanzo.

Jumamosi: mawe, gugumaji na nyatiti

Kisumu ni mji wa bandari tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence. Mtu akishuka hapa leo akitaka kitu cha kubeba, vibanda vya sanaa mjini vitamwonyesha kwanza mawe ya Kisii: viboko, sahani, vishikio vya mishumaa, watu waliokumbatiana. Mwenye kibanda alituambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mawe hayo hayatoki Kisumu. Huchimbwa Tabaka, kule Kisii. Jiwe hulainika vizuri likiwa na maji, fundi hulichonga, halafu kuna kazi ndefu ya kulisugua kwa msasa na maji mpaka mikwaruzo iishe, ndipo hupakwa nta. Ukishajua kiboko kidogo cha kutosha kiganjani kimepita mikono ya watu wangapi, kuomba upunguziwe nusu ya bei kunakuonea haya kidogo. Tuliomba hata hivyo. Tukapunguziwa, lakini si nusu.

Hapo tulijifunza jambo ambalo wauzaji wengi wangependa ulijue: ukishatoa simu, mazungumzo ya bei yamekwisha. Mteja wa mbele yetu alikubali 800, akaandika namba ya till, halafu akatuma 700 na kusema "si ni sawa tu?" Muuzaji hakubishana. Ila tuliona uso wake. Patana kwanza, rudieni bei kwa sauti, kisha ulipe hiyo hiyo.

Cha pili ni gugumaji. Mmea huu uliziba ghuba ya Kisumu vibaya miaka ya 1990, boti zikashindwa kutoka, na mpaka leo upepo ukigeuka unaweza kuamka ukute bandari imekuwa shamba la kijani. Watu wa hapa waliamua kuukausha na kuusuka: vikapu, kofia, vitambaa vya meza, hata viti. Kabla ya kulipa, kinuse. Kama kina harufu ya unyevu, bua halikukauka vizuri na kitaota ukungu ukifika nyumbani. Kikapu kizuri ni kikavu, chepesi, na ukikibonyeza kinarudi umbo lake. Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, kikapu cha namna hii si pambo tu. Chetu kinaenda sokoni kila Jumamosi.

Mwenzetu yeye alikuwa na macho ya nyatiti, kile kinanda cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Fundi hakuwa na iliyo tayari. Alitaka malipo ya kwanza ili aanze kazi. Hapa wengi huogopa, na wana haki, lakini fundi naye hawezi kununua ngozi na mbao kwa ahadi yako. Walikubaliana nusu sasa, nusu ikikamilika, kisha mwenzetu akamwandikia ujumbe mfupi wenye kila kitu: ukubwa, bei yote, kiasi kilicholipwa, siku ya kukabidhi. Fundi akajibu "sawa". Ujumbe huo na ule wa malipo, usiufute mpaka chombo kiwe mikononi mwako.

Jumapili alfajiri, Dunga

Kama utakuwa na asubuhi moja tu Kisumu, ipeleke Dunga. Ni ufuo wa wavuvi nje kidogo ya mji, umezungukwa na mafunjo, yale matete marefu ambayo watu wa hapo husukia mikeka na vikapu. Boti zinapoingia hakuna anayekungoja uamue. Samaki wanatoka kwenye boti kwenda kwa akina mama, kwenye mizani, kwenye beseni, na ukizubaa umebaki na wale wadogo.

Ngege ndiye tilapia, mbuta ndiye sangara. Angalia macho: yawe maangavu na yametokeza, si yenye ukungu. Funua matamvua, yawe mekundu. Bonyeza nyama kwa kidole, irudi. Na uliza ametoka wapi, kwa sababu mjini utapata pia waliofugwa kwenye vizimba na waliogandishwa kutoka China. Si dhambi kuwanunua, lakini usilipe bei ya samaki wa boti kwa samaki wa friji.

Wa safari usimchukue mbichi. Mwambie mama amkaange mpaka akauke, umwache apoe kabisa, ndipo afungwe kwa karatasi na kuwekwa kwenye katoni. Akifungwa akiwa moto anatoa jasho, na ukifika Nakuru gari zima litajua umebeba nini. Au nunua obambla, yule aliyepasuliwa na kukaushwa juani. Huyo anavumilia safari, na akipikwa na mchuzi wa nyanya au wa karanga, utasahau kama alikuwa mkavu.

Wakati wa kulipa, mama aliyetukaangia alitupa namba. Jina lililotokea kwenye skrini lilikuwa la mtu mwingine. Tukasimama. "Mama, hii inasema jina la kijana."

"Ni ya mtoto wa dada yangu. Tuma tu."

"Na yako?"

Akacheka, akatazama pembeni. "Yangu ina deni, mwanangu. Ukituma huko, inamezwa."

Tunajua wengi wenu mmeelewa. Ukichukua mkopo wa simu wa kujazia salio, pesa yoyote inayoingia baadaye hukatwa kwanza kulipa deni. Kwa mama wa samaki hilo si jambo dogo: pesa ya samaki unayemlipa asubuhi hii ndiyo ya kumnunulia mvuvi kesho. Ikimezwa, kesho hana cha kuuza. Kwa hivyo anapokupa namba ya jirani, mara nyingi si ujanja. Lakini usitume ukikisia. Muulize jina la mwenye namba kabla halijatokea kwako. Akilitaja sawasawa, tuma. Yeye alilitaja yote matatu, na la ubatizo.

Ushauri wetu kwake, ambao tunaurudia kwako kama unafanya biashara: tenga laini au namba ya biashara isiyoguswa na mkopo wako wa binafsi. Alisema atafikiria. Hatukumsukuma, si kila mtu anayeamka saa kumi usiku kungoja boti anataka kufundishwa na watu wa Nairobi waliolala hotelini.

Kibuye, na mama aliyetungojesha

Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye. Ni soko la wazi la kutosha kupotea ndani: nguo za mitumba, mitungi ya udongo, kuku, vitanda, na omena kwa mabeseni. Omena huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mwezi ukiwa mkubwa hupungua na bei hupanda. Ukisikia bei imekuuma, tazama mbinguni kabla ya kumlaumu mama. Chukua wachache, wasugue viganjani. Wakiwa wazuri wanang'aa na wanavunjika kwa mlio, na kiganja kinabaki bila mchanga. Kipimo ni gorogoro, na ya kwako iwe na kilele.

Tulilipa gorogoro mbili. Mama akasema asante, lakini mkono wake ukabaki juu ya mfuko. Akavaa miwani. Akatoa kabambe yake ndani ya lesso, akasoma, akauliza salio, akasoma tena. Mwenzetu alikuwa ameanza kupumua kwa nguvu. Kulikuwa na jua.

"Msinikasirikie," akasema. Msimu mmoja wa Krismasi kijana alimwonyesha ujumbe kama huo huo, wenye jina lake na kiasi sawa, akaondoka na omena. Ujumbe ulitoka kwa namba ya kawaida, si kwa jina la kampuni, na salio halikuwa limesogea hata shilingi. Tangu hapo haangalii simu ya mteja kabisa. Anaangalia yake.

Ana haki. Ujumbe ulio kwenye simu yako unakuhusu wewe. Malipo yamekamilika yakionekana kwake. Kungoja dakika mbili kwenye jua ni sehemu ya bei ya omena.

Tulikubaliana naye kwa moyo wote. Saa tatu baadaye tukafanya kinyume.

Barabara ya kurudi

Ahero tulisimama kidogo kwa mchele. Mradi wa kunyunyizia mashamba maji hapo ulianza 1969, na mchele wa sindano wa Ahero unajulikana. Ukiambiwa ni wa mavuno mapya, punguza maji unapopika, la sivyo utakula uji.

Kisha Awasi. Hapa ndipo njia ya Chemelil inapochepuka, kwenda kwenye nchi ya miwa, na miwa hiyo inakungoja barabarani. Matatu ikisimama, madirisha yote yanajaa mikono. Tulichukua miwa minne iliyokatwa na kufungwa kwa kamba, na chana mbili za ndizi. Dereva alikuwa anapiga honi. Mama akataja namba kwa sauti, tarakimu moja moja. Tukaandika. Jina likatokea: la mwanaume. Mmoja wetu akasema, "Atakuwa mumewe." Kama Dunga. Hatukumuuliza. Tukabonyeza.

Hatujafika Kapsoit, simu ya makanga ikalia. Alisikiliza, akageuka kutazama viti vya nyuma. "Ni nani walichukua miwa Awasi bila kulipa?"

Gari zima lilitutazama. Tulionyesha ujumbe wetu kwa haraka ya watu wasio na hatia. Makanga akasoma namba aliyopewa na mama, tukasoma tuliyotuma. Yeye alisema sita. Sisi tuliandika saba. Mumewe hakuwepo kwenye hadithi hii.

Tulifanya mambo mawili, kwa mpangilio huu. Kwanza tulimpigia mama na kumtumia 350 nyingine, safari hii tukimwomba ataje jina lake kabla, nalo likatokea lilivyo. Kosa lilikuwa letu. Hakupaswa kungoja tulitatue. Pili tuliomba kurudishiwa ile ya kwanza kupitia huduma kwa wateja, dakika ile ile. Hakuna anayepaswa kukuuliza PIN katika hatua hiyo, na kadiri unavyowahi ndivyo uwezekano wa kuikuta pesa bado iko unavyokuwa mkubwa. Yetu hatukuikuta. Mwenye namba aliikubali habari kwa upole, kisha akaeleza: alikuwa na deni la mkopo wa simu. Imemezwa. Ametuahidi mwisho wa mwezi.

Lakini turudi kwenye ile simu ya Awasi. Tulipotuma mara ya pili hatukukata. Tulimsikia mama akimpa mtu kabambe amsomee salio, tukasikia honi za steji, mtu akitaja tarakimu kwa Kijaluo, kisha kimya kirefu kuliko tulivyopenda. Alikuwa amechukua miwa hiyo kwa mkopo asubuhi, alituambia, na jioni mwenye shamba hupita.

"Imeingia," akasema. "Erokamano." Kisha akauliza kama miwa ilikuwa tamu.

Ilikuwa bado imefungwa kamba, chini ya kiti. Tulimwomba angoje kwenye laini, tukaazima kisu kwa makanga.