Mashine Pepe Ndani ya Kontena: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipia

Zipo ofisi na biashara nyingi ambazo bado hutegemea programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows ya zamani, na ambayo haifanyi kazi katika kompyuta mpya. Watoa huduma za seva huzipendekezea njia hii: programu ihamishiwe katika mashine pepe, nayo mashine hiyo iendeshwe ndani ya kontena. Njia hiyo ni halali, na ikiandaliwa vyema hufaa. Tunawataka wateja waelewe kwanza wanachokilipia.

Kontena, kama lile la Docker lililotolewa mwaka 2013, si kompyuta kamili. Ni chumba kilichotengwa ndani ya seva, kinachotumia kiini kilekile cha Linux ambacho vyumba vingine hutumia. Kwa kuwa Windows ina kiini chake, huwekwa humo programu ya uigaji, aghalabu QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Programu hiyo huigiza kompyuta nzima: prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao.

QEMU ikifanya kazi peke yake, hulazimika kutafsiri amri za prosesa, na mashine huwa nzito mno. Ikisaidiwa na KVM, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007, amri nyingi hutekelezwa na prosesa halisi. Msaada huo huhitaji kontena liruhusiwe kutumia kifaa kiitwacho /dev/kvm, na seva nyingi za bei nafuu hazikitoi. Mteja aulize kwa maandishi kama kipo. Asikubali pia kontena lipewe mamlaka yote juu ya seva kwa kisingizio hicho. Ruhusa ya kifaa hicho kimoja yatosha, kwani mgeni anayeomba maji hakabidhiwi funguo za nyumba nzima.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni diski. Diski ya mashine pepe kwa kawaida ni faili moja kubwa. Likihifadhiwa ndani ya kontena lenyewe, siku fundi atakapoliondoa kontena ili aweke toleo jipya, jambo la kawaida kabisa katika kazi yake, faili hilo litaondoka nalo pamoja na hesabu zote. Kuzima na kuwasha kontena hakufuti kitu, na ndiyo maana kasoro hii huweza kujificha kwa miaka. Mkataba utamke kwamba faili la diski litakaa katika hifadhi iliyo nje ya kontena, na kwamba mteja atapewa nakala rudufu. Nakala hiyo ichukuliwe mashine ikiwa imezimwa, kwa sababu faili linalonakiliwa huku likiandikwa laweza kuharibika. Kisha iwashwe katika kompyuta nyingine, mbele ya mteja, kabla ya malipo ya mwisho.

Kuhusu leseni, QEMU ni programu huria, lakini Windows sivyo. Mteja aulize leseni hiyo inalipiwa na nani.