Je, Neema Ni Ruhusa ya Kutenda Dhambi?

Jumapili moja katika muhula uliopita, tulipokuwa tukitoka kanisani, mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza alinishika mkono akaniuliza: "Kaka, kama mtu huokolewa kwa neema bila kulipa chochote, kwa nini nijisumbue kuwa mwema?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, tena wakati nilipokuwa na kitu cha wizi sandukuni mwangu. Habari ya kitu hicho nitaieleza baadaye. Kwanza na tuyatazame mafundisho yenyewe na mahali yalikotoka.

Swali la mtoto huyo si jipya. Mtume Paulo alilijibu karibu na mwaka 57, alipowaandikia Wakristo wa Rumi. Ili kulifahamu jibu lake yatupasa kujua maana ya maneno matatu. La kwanza ni dhambi. Kwa Paulo, dhambi si kosa moja moja tu, kama alama nyekundu katika daftari. Ni nguvu inayomtawala mtu, hata akalijua jema na asilitende. La pili ni neema, yaani wema wa Mungu anaopewa mtu asiyestahili. La tatu ni imani. Imani si kukubali tu kwamba Mungu yupo, bali ni kumtegemea, kama mgonjwa anavyojitia mikononi mwa mganga. Basi Paulo afundisha kwamba mwanadamu hawezi kujiokoa kwa juhudi yake; huokolewa kwa neema, naye huipokea kwa imani.

Walakini Paulo aliona mapema kwamba watu wataligeuza fundisho hili kuwa ruhusa, naye akalikataa jambo hilo kabisa. Hoja yake ni hii: aliyebatizwa amekufa pamoja na Kristo kwa habari ya dhambi, na mtu aliyekufa hatumwi tena na bwana wake wa zamani. Akirudi kumtumikia, amesahau kwamba amekwisha kuwekwa huru. Naye Yakobo, katika waraka wake, aeleza kwamba imani isiyozaa matendo haina uhai.

Miaka mia tatu na zaidi baadaye jambo hili lilizuka tena, na safari hii katika Afrika yetu. Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo asimulia kwamba alipokuwa na miaka kumi na sita, yeye na vijana wenziwe waliiba matunda ya mti wa jirani usiku. Hawakuwa na njaa, na nyumbani kwake yalikuwapo matunda mazuri kuliko hayo. Mengi waliwatupia nguruwe. Augustino alipokuwa mtu mzima alijiuliza kwa nini aliiba, akaona kwamba aliupenda uovu wenyewe, na kwamba peke yake asingeiba. Nani kati yetu tunaolala bwenini asiyeyajua hayo?

Augustino alibatizwa mwaka 387, kisha akawa askofu wa Hippo. Siku zile alikuwapo mtawa mmoja kutoka Uingereza, jina lake Pelagius. Huyu hakuwa mtu mwovu. Alichukizwa na Wakristo wavivu, akafundisha kwamba mtu aweza kuzishika amri za Mungu kwa nguvu ya hiari yake, mradi atake kweli. Augustino akajibu kwamba Pelagius hajaujua ugonjwa wetu. Mapenzi ya mwanadamu yenyewe yana maradhi, na mgonjwa hajiponyi kwa kuamriwa apone. Neema ndiyo dawa. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago wakayakataa mafundisho ya Pelagius. Lakini angalieni: dawa hutolewa ili mgonjwa apone, wala si ili augue kwa raha.

Habari hizi za Karthago si za mbali nasi. Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe huko Algiers mwaka 1868, baadaye alikuwa pia askofu mkuu wa Karthago. Mapadre wake walifika Save, katika Rwanda, mwaka 1900, na misheni ya Sainte-Famille hapa Kigali ilianzishwa mwaka 1913. Kwa upande wa Waanglikana, Gahini, kando ya ziwa Muhazi, ndiko ulikoanzia Uamsho. Mwaka 1929 daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 Uamsho ule ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu wa Uamsho walishika sana neno la neema, nao walikiri dhambi zao mbele za wenzao. Tena hawakuishia katika maneno. Walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, wakapatana na watu waliokosana nao.

Sasa nieleze habari yangu. Nilipokuwa mwaka wa pili nilichukua kikokotoo cha mwenzangu. Mwingine akashukiwa, na darasa zima likamwita mwizi muhula mzima. Kila usiku nilimwomba Mungu anisamehe, hata nikajiona nimesamehewa. Na asubuhi niliwasikia wakimwita mwizi, nikanyamaza. Mwisho nilimwendea kasisi, nikamweleza kwa machozi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza neno moja tu: "Kikokotoo kiko wapi?" Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikakirudisha, nikasema ni nani mwizi. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Mwenzangu mwenye kikokotoo alinisamehe siku ile ile. Yule aliyeitwa mwizi kwa ajili yangu alikaa karibu mwaka mmoja bila kusema nami, wala sikuwa na haki ya kumlaumu.

Silinganishi kikokotoo na damu ya watu. Lakini aandikaye habari za dhambi na neema hapa Kigali hawezi kuuruka mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa, na wengi wa waliowaua kadhalika. Katika makanisa ya Ntarama na Nyamata waliokimbilia humo waliuawa kwa maelfu. Baadaye, kati ya mwaka 2002 na 2012, mahakama za Gacaca zilisikiliza kesi hizo vijijini. Aliyekiri aliweza kupunguziwa adhabu, lakini sheria ilimtaka aeleze alichokitenda, alitenda pamoja na nani, na miili iko wapi. Mahakama si kanisa, na kupunguziwa adhabu si kuondolewa dhambi. Hata hivyo sheria ile yatufundisha kwamba kukiri kunakoficha jambo ambalo aliyekosewa anahitaji kulijua si kukiri. Tena msamaha wa Mungu haumpi mkosaji haki ya kumdai aliyefiwa amsamehe. Hilo ni la mwenye msiba, kwa wakati wake.

Basi, yule mdogo wangu nilimjibu hivi: Hujisumbui kuwa mwema ili Mungu akupende, amekwisha kukupenda. Neema hutangulia, nawe huinunui. Lakini ikiingia ndani yako, itakutuma kwa watu uliowakosea, hata kama unaona haya. Isipokutuma kokote, jichunguze kama umeipokea.

Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kama nilimwogopa kasisi zaidi au darasa. Nikamwambia, darasa.